Mwalimu wa Kuchora: Habari za Bibi Margaret Trowell na Wanafunzi Wake



Ni desturi ya taarifa yetu ya kila mwaka, baada ya hesabu za fedha na majina ya waliotutoka, kuacha kurasa chache kwa ajili ya habari za watu waliotangulia, ili vijana wapate kujua njia hii waipitayo ilianza wapi. Aghalabu kurasa hizo hupewa viongozi, wachungaji na watu waliopigania nchi. Safari hii tumeona vema kuandika habari za mwalimu wa kuchora. Twajua wapo watakaoshangaa, na kwa hiyo twaanza kwa kueleza sababu.

Mtaala mpya wa umilisi umeweka njia tatu katika sekondari ya juu: njia ya sayansi, njia ya elimu ya jamii, na njia ya sanaa na michezo. Mzazi akileta barua ya kuomba msaada wa karo kwa mtoto aliyechagua sayansi, hakuna aulizaye neno. Akileta barua ya mtoto aliyechagua sanaa, watu hutazamana, kisha mmoja huuliza: Je, kuchora kutamlisha nani? Swali hilo si la dharau. Shilingi za chama ni jasho la watu, na mzee anayetoa shilingi zake ana haki ya kuuliza ziendako. Lakini swali la haki lastahili jibu la haki, nasi tumeona jibu hilo lisitolewe kwa maneno matamu, bali kwa habari za watu walioishi na kazi walizoziacha.

Alikotoka

Margaret Trowell alizaliwa London mwaka wa 1904. Alisomea uchoraji katika chuo cha Slade, kilichosifika wakati ule kwa ukali wa mafunzo yake ya kuchora umbo la binadamu. Baadaye akasomea ualimu, na huko akakutana na mwalimu aliyembadilisha, jina lake Marion Richardson. Huyu Bibi Richardson alikuwa na njia yake mwenyewe ya kufundisha. Hakumwekea mtoto kikombe mezani na kumwamuru akinakili hata kifanane. Alimwambia afumbe macho, akamsimulia jambo kwa maneno ya taratibu, mpaka mtoto akaliona jambo lile ndani ya nafsi yake. Ndipo alipompa rangi na karatasi. Kwake yeye picha ilitakiwa itoke ndani ya mtoto, na kazi ya mwalimu ilikuwa kuifungulia mlango. Fundisho hilo Bibi Trowell alilichukua, akavuka nalo bahari.

Mwaka wa 1929 alifika Kenya pamoja na mumewe, Daktari Hugh Trowell, aliyekuwa katika kazi ya utabibu ya serikali. Kwa muda walikaa Machakos. Mtu akisimama hapa kwetu Ruiru na kutazama mashariki siku isiyo na ukungu, huuona mlima wa Kilima Mbogo. Ng'ambo yake ndiyo nchi ya Wakamba. Basi mama huyu hakuwa mbali nasi alipoanza kujifunza habari za kazi za mikono za watu wa nchi hii. Aliwaona wanawake wakisuka vyondo, na mafundi wakichonga vigoda na kuvitia nakshi za waya mwembamba. Nchi ya Wakamba wakati huo ilikuwa imekwisha kuanza kujulikana kwa vinyago vya kuuza, kazi iliyoanzishwa Wamunyu na Mutisya Munge baada ya vita ya 1914 hadi 1918.

Hapa yafaa tukumbuke hali ya siku zile. Wazungu wengi waliokuwako Afrika ya Mashariki walishika neno moja, kwamba watu wa Afrika ya Magharibi, kama wale wa Benin na Ife, walikuwa na sanaa kubwa, lakini watu wa pande zetu hawakuwa na sanaa yo yote. Walitafuta sanamu za shaba na za mti, na wasipoziona wakasema nyumba ni tupu. Bibi Trowell hakuridhika na neno hilo. Aliona ya kuwa sanaa ya watu wetu ilikuwa imekaa ndani ya vitu vitumikavyo kila siku: katika mshono wa kibuyu, katika shingo ya mtungi, katika mpangilio wa rangi za kiondo, katika ngao na mkuki. Kwa desturi yetu chombo kizuri hakikutundikwa ukutani kitazamwe; kilibebwa kisimani na sokoni. Hata leo, katika nyumba nyingi za wanachama wetu, kipo kiondo cha nyanya ambacho hakuna mtu akiitaye sanaa, wala hakuna mtu awezaye kukisuka tena.

Darasa la barazani

Mwaka wa 1935 Daktari Trowell alihamishiwa Uganda, akafanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, na kuwafundisha vijana wa Kiafrika utabibu. Yeye ndiye mmoja wa matabibu waliochunguza sana ugonjwa wa kwashakoo, unaowapata watoto wasiopata chakula cha kujenga mwili. Mkewe naye akaona njaa ya namna nyingine. Chuo cha Makerere wakati huo kilikuwa kimekwisha kuwa mahali pa elimu ya juu kwa vijana wa Afrika ya Mashariki yote, lakini hapakuwa na mafundisho ya sanaa.

Basi mwaka wa 1937 alianza kufundisha barazani kwa nyumba yake. Hapakuwa na jengo wala cheti. Palikuwa na wanafunzi wachache waliokuja kwa hiari yao, na mwalimu aliyewasubiri. Twawaomba wasomaji wasipite upesi hapa. Shule ile iliyokuja kusifika katika bara zima ilianzia barazani, mahali ambapo sisi huanikia mahindi na kumkaribisha mgeni. Chama chetu, ambacho hakina jengo kubwa, chaweza kujifunza neno katika habari hiyo.

Katika kufundisha aliifuata njia ya mwalimu wake. Aliwasimulia wanafunzi habari, ya sokoni, ya harusi, ya hadithi za kwao au ya Maandiko Matakatifu, kisha akawaacha wachore kama walivyoiona. Hakutaka mwanafunzi achore mandhari ya Uingereza asiyoijua. Kama ni mavuno, yawe mavuno ya kwao. Kama ni mama mwenye mtoto, mtoto awe mgongoni. Mwaka huohuo wa 1937 alitoa kitabu juu ya sanaa na kazi za mikono za Waafrika na namna ya kuzikuza shuleni. Mwaka wa 1938 kazi za wanafunzi zilionyeshwa Namirembe, katika mji wa Kampala, na mwaka wa 1939 zikapelekwa London, zikaonyeshwa katika Taasisi ya Himaya. Wale waliosema nyumba ni tupu wakaitwa waje waone.

Mwaka huohuo vita ikaanza Ulaya. Katika miaka ya vita Bibi Trowell alipewa pia kazi ya kuitunza Makumbusho ya Uganda, na mwaka wa 1942 vitu vya makumbusho vikahamishiwa Makerere, vikakaa karibu na wanafunzi wake mpaka jengo jipya la Kitante lilipofunguliwa mwaka wa 1954. Kwa hiyo kijana aliyejifunza kuchora alikuwa na mitungi, ngoma, mbugu na mikuki ya mababu mbele ya macho yake. Kutoka katika kazi hiyo kilipatikana kitabu kikubwa cha mwaka wa 1953 juu ya kazi za mikono za makabila ya Uganda, alichokitunga pamoja na Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki. Humo vikapu, nyumba, vyombo vya nyumbani na ala za ngoma vimeelezwa kimoja kimoja, jinsi kinavyotengenezwa na kwa kitu gani. Leo mafundi wengi wa vitu vile wamekufa na ujuzi wao umekwenda nao; kilichobaki ni maelezo yale.

Mwaka wa 1958 alistaafu, baada ya miaka zaidi ya ishirini ya kufundisha, akarudi kwao Uingereza. Mwaka wa 1957 alikuwa amekwisha kutoa kitabu cha habari za maisha yake katika Afrika. Shule aliyoianzisha barazani ikapewa jina lake. Alifariki mwaka wa 1985.

Hizo ndizo habari zake kwa ufupi. Lakini mwalimu hapimwi kwa tarehe zake. Hupimwa kwa wale aliowafundisha, na kwa yale waliyoyatenda alipokuwa hayupo tena kuwaambia la kufanya. Kwa hiyo sasa twaandika habari za wanne kati ya wanafunzi wa shule yake.

Bwana Gregory Maloba

Wa kwanza ni mtu wa nchi yetu. Gregory Maloba alizaliwa Mumias mwaka wa 1922. Reli ilikuwa imefika Kampala mwaka wa 1931, na vijana wa Kenya waliobahatika kwenda Makerere waliipanda kutoka kwao wakavuka mpaka. Maloba alikuwa mmoja wa wanafunzi wa mwanzo wa Bibi Trowell, na mkono wake ulipenda zaidi sanamu kuliko picha. Sanamu yake ya mti iitwayo Kifo ni ya mwaka wa 1941, alipokuwa bado kijana mdogo. Baadaye alipata masomo zaidi Uingereza, akarudi Makerere, akafundisha pamoja na yule aliyemfundisha.

Mtu akienda Kampala leo ataiona kazi yake mahali pa wazi, katikati ya mji. Uganda ilipopata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, ilitakiwa sanamu ya ukumbusho, nayo kazi ikapewa Maloba, mtu wa Mumias. Alitengeneza mama mrefu aliyesimama, ambaye mwili wake umezungushiwa vitambaa kama mtu afunguliwaye kutoka katika vifungo, naye anamwinua mtoto juu, na mtoto amenyosha mikono yake kuelekea mbinguni. Hakumweka mtawala wala askari mwenye bunduki, wala hakuandika jina la chama cho chote. Serikali nyingi zimepita katika nchi ile tangu wakati huo, nyingine kwa kura na nyingine kwa bunduki, na sanamu nyingi za wakubwa duniani zimeangushwa na waliowafuata. Mama yule na mtoto wake wangali wamesimama.

Katika miaka ya 1960 Maloba alirudi Kenya, akafundisha ubunifu katika chuo kikuu cha Nairobi. Aliyekuwa mwanafunzi wa barazani akawa mwalimu wa waalimu. Alifariki mwaka wa 2007. Twataja habari hizi kwa sababu vijana wengi wa Kenya wamepiga picha mbele ya sanamu ile ya Kampala bila kujua ya kuwa mkono ulioitengeneza ulitoka kwetu.

Bwana Sam Ntiro

Wa pili ni Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame, katika miteremko ya Kilimanjaro, mwaka wa 1923. Yeye alichora watu wa kwao katika kazi zao: wakilima, wakijenga, wakibeba pombe ya ndizi kwenda kwa bibi arusi. Picha hiyo ya pombe ya ndizi ilinunuliwa na Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York mwaka wa 1960. Ntiro alifundisha Makerere, akasoma pia katika chuo kilekile cha Slade alichokisoma mwalimu wake. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka wa 1961, yeye ndiye aliyetumwa London kuwa Balozi wa nchi yake. Twawaomba wazee walifikiri jambo hilo: nchi changa, iliyokuwa na wasomi wachache, ilimchagua mchoraji aende kusimama mbele ya serikali ya Malkia.

Bwana Elimo Njau

Wa tatu kazi yake ipo karibu nasi, nasi twaweza kuifikia kwa gari asubuhi na kurudi kabla ya jua kuchwa. Elimo Njau alizaliwa Marangu mwaka wa 1932, akasoma Makerere katika miaka ya 1950. Wakati huo nchi yetu ilikuwa katika Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka wa 1952 na kuondolewa mwaka wa 1960. Wazee wetu hawahitaji kukumbushwa miaka ile. Wapo walioiona kwa macho yao, na zipo nyumba katika wilaya hii ambazo ndugu wawili walikuwa pande mbili.

Huko Fort Hall, mji ambao leo waitwa Murang'a, lilijengwa kanisa la ukumbusho wa Wakristo wa Kikuyu waliouawa katika misukosuko ile. Njau akaombwa achore kutani mwake, naye mwaka wa 1959 akachora michoro mitano mikubwa ya maisha ya Kristo, tangu kuzaliwa hata kusulubiwa. Alichora kama alivyofunzwa katika shule ile. Vilima ni vya Murang'a, migomba ni ya kwetu, nyumba ni za kwetu, na Bwana Yesu mwenyewe ni mtu mweusi.

Leo jambo hilo laweza kuonekana dogo, lakini halikuwa dogo mwaka wa 1959. Picha nyingi zilizotundikwa makanisani na katika nyumba za misheni zilimwonyesha Mwokozi mwenye nywele za rangi ya dhahabu, na mtoto wa Kiafrika alikua akiamini ya kuwa mbingu ni nchi ya ugenini. Aliyeingia katika kanisa lile alimwona Mwana wa Mungu akizaliwa mahali panapofanana na boma la babu yake, na akiteswa katika vilima ambavyo watu wameteswa kweli. Kanisa lilijengwa kwa kumbukumbu ya upande mmoja wa vita. Lakini maumivu yaliyomo katika picha zile, mtu wa upande wo wote aweza kuyatambua kuwa ni yake. Hatujui hotuba iliyotolewa miaka ile ambayo ingali ikisema hivyo hata leo.

Mwaka wa 1965 Njau na wenzake walianzisha nyumba ya sanaa mjini Nairobi, wakaiita Paa ya Paa, yaani yule paa wa mwituni anayepaa juu. Baadaye ilihamia upande wa Ridgeways, karibu na barabara ya Kiambu. Mwaka wa 1997 moto uliiteketeza pamoja na kazi nyingi zilizokuwamo, lakini haikufungwa. Fundisho lake Njau lililojulikana sana lilikuwa kwamba mtu asinakili kazi ya mwingine, kwa maana kunakili humlaza Mungu usingizi. Neno hilo ukilifuata nyuma utafika barazani Kampala, na ukizidi kulifuata utafika kwa Bibi Richardson na watoto wake waliofumba macho.

Bibi Rosemary Karuga

Wa nne tumemweka mwisho kwa kusudi. Rosemary Karuga alizaliwa Meru mwaka wa 1928, baba yake Mganda na mama yake Mkenya. Alisoma Makerere tangu mwaka wa 1950 hadi 1952, miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa kupata mafunzo katika shule ile. Alirudi Kenya akawa mwalimu wa shule, akaolewa, akalea watoto. Kwa miaka mingi jina lake halikuonekana katika maonyesho yo yote. Mkono uliofunzwa ulishika chaki, ukafundisha watoto wa watu wengine.

Alipoacha kazi ya kufundisha, katika miaka ya 1980, alirudia sanaa akiwa karibu na umri wa miaka sitini. Rangi zilikuwa ghali, kwa hiyo alifanya kama mama wa Kiafrika afanyavyo chakula kinapokuwa kichache: alitumia kilichopo. Alikusanya karatasi za magazeti, mifuko ya unga na karatasi za kufungia sabuni, akazikata na kuzibandika kipande kwa kipande, mpaka ikatokea picha ya wanawake, ya kuku, ya ng'ombe na ya maisha ya shambani. Alifanya kazi kwa muda huko Paa ya Paa. Mwaka wa 1990 kazi zake zilionyeshwa katika makumbusho ya Harlem, mjini New York, pamoja na za wasanii mashuhuri wa Afrika, na katika kundi lile yeye peke yake ndiye aliyekuwa mwanamke. Alifariki Ireland mwaka wa 2021.

Habari za mama huyu zatugusa kuliko za wale wengine, kwa kuwa wao walipata mapema nafasi ya kuonekana, naye hakuipata. Hakuna mtu ajuaye hesabu ya watoto waliofunguliwa macho na mwalimu kama yeye katika shule za kawaida, ambao hawakuwa wasanii, bali wakawa mafundi cherehani, wajenzi, waalimu na wakulima wenye jicho la kuona kitu kilicho sawa na kitu kilichopinda. Faida hiyo haiandikwi katika daftari la hesabu, lakini ipo.

Lawama na haki

Hatutaki kuandika sifa tupu. Bibi Trowell alikuwa mtu wa wakati wake, na wakati wake ulikuwa wa utawala wa kikoloni. Alidhani ya kuwa Mwafrika ana tabia yake ya asili katika sanaa, tofauti na ya Mzungu, na kwamba akifundishwa mno ufundi wa Ulaya tabia hiyo itaharibika. Kwa hiyo kuna ujuzi aliousita kuutoa. Aliyemfuata mwaka wa 1958, Bwana Cecil Todd aliyetoka Afrika Kusini, aliiendesha shule kwa njia nyingine: alisisitiza kuchora umbo la binadamu, elimu ya rangi, na historia ya sanaa ya dunia nzima. Wako wasemao Todd ndiye aliyewapa wanafunzi heshima kamili, kwa kuwa hakuwafichia kitu. Wako wasemao Trowell ndiye aliyewapa, kwa kuwa aliwafundisha kutoona haya kwa vitu vya kwao.

Sisi twaona ya kuwa pande zote mbili zina neno. Kumzuilia mtoto ujuzi kwa hofu kwamba utamharibu ni kumdhania kuwa dhaifu. Na wazazi wetu walikwisha kuonja elimu ya namna hiyo, waliyopimiwa kwa kibaba na watu waliojifanya kujua kiasi kinachowatosha. Lakini kumpa ujuzi wote wa dunia bila kumwambia ya kuwa kiondo cha nyanya yake nacho ni elimu, ni kumfanya mgeni nyumbani kwake. Na tuseme haki ya mwalimu yule: wanafunzi wake hawakukaa pale alipowaacha. Maloba na Ntiro walikwenda Ulaya, wakachukua walichokitaka, wakarudi. Mwalimu mbaya huacha vivuli vyake. Huyu aliacha watu wanne wasiofanana, wala hakuna hata mmoja aliyefanana naye.

Neno kwa chama

Sasa twarudi kwenye lile swali la karo. Kuchora kutamlisha nani? Kwa shilingi, twajibu kwa uaminifu kwamba hatuwezi kumwahidi mtoto ye yote utajiri. Mama Karuga alikata mifuko ya unga kwa sababu rangi zilimshinda bei. Lakini wote wanne walikula kwa kazi ya ualimu, na mmoja akawa balozi. Sayansi nayo haimwahidi mtu kazi, nasi twawajua vijana wenye vyeti vikubwa wakaao majumbani.

Yatupasa pia tukumbuke yaliyotokea katika shule zetu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, sanaa na kazi za mikono zilikuwa somo la mtihani, na wazazi walihangaika kununua vifaa. Mwanzoni mwa karne hii somo hilo liliondolewa katika mtihani wa darasa la nane, na mara likaacha kufundishwa kwa bidii, kwa kuwa lisilopimwa huachwa. Kizazi kizima kimepita bila kushika rangi. Sasa mlango umefunguliwa tena, na kama wazazi na vyama kama chetu hawatausimamia, utafungwa kimyakimya kama ulivyofungwa mara ya kwanza.

Ruiru tuijuayo leo si ile ya wazee wetu. Mashamba mengi ya kahawa yamekuwa viwanja vya nyumba, na watu wamekuja kutoka kila upande wa nchi. Mtoto anayezaliwa hapa sasa huenda asiuone mkono wa nyanya yake ukisuka, wala wa babu yake ukichonga. Akiwa na njia ya kuyaona mambo hayo, njia hiyo ni shule, na katika shule ni mwalimu mmoja mwenye moyo.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu kwa mkutano mkuu. Kwanza, maombi ya karo ya watoto waliochagua njia ya sanaa yapimwe kwa kipimo kilekile cha wengine: bidii ya mtoto, na uhitaji wa nyumba yake. Pili, wanachama walio na vyombo vya kale majumbani, vyondo, vibuyu, vigoda na mitungi, wavilete siku ya mkutano pamoja na majina ya waliovitengeneza, navyo viandikwe katika daftari kabla mwenye kukumbuka hajaondoka. Tatu, katika mwaka ujao vijana wetu wapelekwe Murang'a, wakaione michoro ile ya Bwana Njau kwa macho yao, na wazee wawili watatu waende nao. Picha zitawaonyesha vilima na watu. Lakini habari za miaka ile, nani alikuwa wapi na nani hakurudi, hazimo ukutani, nazo zataka mzee wa kuzisimulia.